Mashine Iliyofundishwa Kusalimia

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Ilikuwamo zamani, lakini Mkuu wa Nchi alipoona wachoraji wameipa nafasi ndogo kuliko ya jirani yetu, aliagiza iondolewe kabisa mpaka watakapoichora kwa ukubwa unaolingana na mchango wake kwa dunia. Kwa hiyo, msomaji, ukidhani unaitambua, hayo ni yako na macho yako, mimi simo.

Kazi yangu ni kupiga makofi. Usicheke. Ni ajira ya serikali, ina likizo na kiinua mgongo, na wapo wenye shahada wanaoililia. Nimeajiriwa na Wizara ya Mitambo na Adabu, Idara ya Makofi, daraja la pili. Wa daraja la tatu hupiga makofi kiongozi akimaliza kusema. Sisi wa daraja la pili hupiga katikati ya sentensi, pale anapovuta pumzi. Wa daraja la kwanza hupiga kabla hajafungua mdomo, na mmoja wao aliwahi kupiga makofi usingizini, nyumbani kwake, mkewe akatoa taarifa, akapewa nishani. Kwa sababu ya kazi hii nimekaa kwenye vikao vingi kuliko mawaziri, na tena nimekaa macho, jambo ambalo mawaziri hawalazimiki.

Basi nitawaeleza jinsi nchi yetu ilivyoifundisha kompyuta adabu. Sitaongeza chumvi, maana mchuzi wenyewe ulishakolea.

*

Yote yalianzia mlangoni. Juu ya Bonde la Kitope, ambako watu wamelima mpunga tangu enzi za mababu, serikali ilijenga bwawa ikaliita Bwawa la Fadhila. Ukuta wake ulijengwa na mkandarasi ambaye sifa yake kuu ilikuwa kuoa vizuri. Milango ya kutolea maji iliendeshwa na kompyuta, na amri za kompyuta hiyo ziliandikwa na Mhandisi Siwema Kachenje, binti wa hukohuko bondeni, mtu mwembamba asiyependa maneno mengi. Siku ya ufunguzi Mkuu alipanda ngazi hadi chumba cha mitambo, ambacho mlango wake ulifunguka kwa alama ya kidole. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwomba Mkuu kidole chake mapema. Akakiweka, na kioo kikaandika: HAPANA. HUTAMBULIKI.

Mkuu wetu hakuwa ameambiwa hapana tangu alipoachishwa ziwa, na hata siku hiyo inasemekana wazee walikaa kikao kwanza.

"Nani amesema hapana?" aliuliza.

Waziri wetu, Mheshimiwa Burhani Mkupete, ambaye mwili wake wote umeumbwa kwa ajili ya kumtupia mwingine lawama, alimnyooshea Siwema kidole.

"Mtukufu, ni kompyuta tu," alisema Siwema. "Haina nia mbaya. Tunaiandikia masharti. Kama kidole kinajulikana, basi fungua mlango. La sivyo, kataa. Ni sawa na kumwagiza mtu jikoni: kama maji yamechemka, basi tia unga, la sivyo, subiri."

"Na shikamoo iko wapi hapo?"

"Samahani, Mtukufu?"

"Nimekuja mtu mzima, na msafara wangu, na bendi. Hicho kidude hakikusema shikamoo, hakikusema karibu, hakikusema pole na safari. Kimeanza tu na kama. Kama nini? Mimi ndiye wa kuwekewa masharti?"

Hapo alivuta pumzi, nami nikapiga makofi.

Mlango ulifunguliwa kwa nyundo. Kabla ya kushuka ngazi Mkuu alitamka kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mashine katika nchi yetu itakayoamua jambo lolote kabla ya kuwasalimu wanaostahili. Wengine tuliona ni hasira za kupita. Tulisahau kwamba kwetu hasira ya mkubwa haipiti, inaundiwa kamati.

*

Kamati ya Taifa ya Kurekebisha Sentensi za Masharti ilikutana katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, huko milimani, kwa kuwa ilionekana masharti hayafikiriki vizuri kwenye joto. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mkupete. Mtaalamu mkuu alikuwa Profesa Ndimbwa, aliyefundisha kompyuta ughaibuni kwa miaka mingi. Huyu alijua vizuri kabisa kwamba jambo lenyewe ni upuuzi. Nilimkuta msalani akicheka peke yake hadi machozi, kisha akanawa uso, akavaa miwani, akaenda kusoma pendekezo lake.

"Waheshimiwa," alisema, "lugha za kompyuta za wageni zina ukame wa utu. Zinasema kama, na papo hapo zinasema basi. Baina ya kama na basi, ndugu zangu, kuna jangwa. Mimi napendekeza tupande bustani."

Makofi.

Bustani yenyewe ilikuwa hivi. Mashine itataja sharti lake. Halafu, kabla ya kufika kwenye basi, itawasalimu viongozi wote wanaohusika, kwa vyeo kamili, kuanzia wa juu kushuka chini, kwa sauti, kupitia vipaza sauti. Wakishamalizika wote ndipo mashine ipate ruhusa ya kutenda. Pili, Profesa alipendekeza neno "la sivyo" lifutwe. Alieleza kwamba serikali yetu haijawahi kuwa na mpango wa pili, na haipendezi mashine iwe nao. Hili la pili lilipita bila mjadala kwa sababu sambusa zilikuwa zimeletwa.

Siwema alinyoosha mkono. Alikuwa ameitwa kwenye kamati kama mwandishi wa amri, akaketishwa karibu na mlango, jirani na sisi wapiga makofi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, milango ya bwawa ikifunguliwa mapema, maji yanashuka taratibu ndani ya mto na hakuna anayedhurika. Ikichelewa, maji yanapanda ukuta. Na ukuta ule," alisita, akimtafuta mkandarasi kwa macho, akamwona anakula, "ukuta ule usijaribiwe. Chini yake kuna watu. Kuna baba yangu. Mvua kubwa ikinyesha, maji hayatasubiri salamu."

"Heshima ni kitu cha bure, Mhandisi," alisema Waziri.

"Basi tuitumie kwa ufupi. Hata kwenye mikutano yetu mtu akiona muda umebana husema tu itifaki imezingatiwa, akaendelea. Mashine nayo iseme hivyo. Itifaki imezingatiwa, kisha ifungue milango."

Lilikuwa pendekezo la busara, na ndilo lililomharibia. Kila mtu mle ndani alikuwa na cheo ambacho nje ya salamu hakijulikani kina kazi gani. Mtu kama Mshauri wa Mkuu katika Mambo Ambayo Hayajatokea, ukimnyima salamu, umebakiza nini?

"Itifaki imezingatiwa," Waziri alirudia, kama anayeonja dawa chungu. "Yaani unifunike mimi pamoja na mabalozi na waganga wakuu ndani ya kikapu kimoja? Mimi niliwahi kuchelewa harusi kwa sababu ya shughuli za kitaifa. Nilipoingia salamu zilikuwa zimeshaanza, wakanitaja baada ya wapiga ngoma. Baada ya wapiga ngoma! Sitaki raia yeyote wa nchi hii apate uchungu ule. Naongeza kipengele. Akitokea kiongozi mpya wakati salamu zinaendelea, mashine ianze upya tangu juu."

Kipengele kilipita kwa kauli moja, ambayo ilikuwa kauli yake.

*

Siwema aliziandika amri hizo kama alivyoagizwa. Angekataa, zingeandikwa na mpwa wa Waziri, ambaye anaijua kompyuta kwa kuichezea karata. Nchi nzima ikaanza kusalimia. Taa za barabarani zilisalimu kabla ya kuruhusu magari, kwa hiyo watu walibeba chakula wakienda kazini. Mashine za hospitali zilisalimu. Lango la gereza kuu lilisalimu. Gurudumu la chuma lililokuwa likifungua milango ya bwawa kwa mkono liling'olewa, maana lilikuwa halijui kusema, likapakwa rangi ya dhahabu na kutundikwa ofisini kwa Waziri.

Siku kikao cha mwisho cha kamati kilipovunjika, nilikuwa varandani pale hotelini na sahani yangu ya sambusa, Siwema alipotoka na simu sikioni. Hakunijali. Watu wa daraja letu hatuonekani mikono ikiwa na kazi nyingine.

"Shikamoo baba."

Mzee Kachenje ni mkulima, hupiga kelele kwenye simu kama yuko shambani, na kwa kweli alikuwa shambani. "Marahaba mwanangu! Mbona sauti hiyo?"

"Nisikilize vizuri. Siku watakayozindua mashine ya bwawa, mvua itakuwa imeshapamba moto. Kama hujanisikia mpaka adhana ya adhuhuri, basi wachukue watu wote mpande Kilima cha Fisi. Nikikupigia, endeleeni na palizi."

"Na wale wabishi wa ng'ambo ya mfereji?"

"Waburuteni."

"Haya. Usipopiga, tunapanda. Umekula lakini?"

Salamu moja, itiko moja, kisha neno. Niliwaonea huruma, watu wasio na kamati.

*

Siku ya uzinduzi mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Jukwaa lilijengwa ukingoni mwa mto, chini kabisa ya ukuta, kwa kuwa Waziri alitaka picha yenye ukuta nyuma yake. Kwa sababu za usalama wa Mkuu, simu zote zilikusanywa getini. Siwema alipotoa yake aliitazama kidogo, halafu akatazama maji, hakutazama jukwaa hata mara moja.

Maji yalikuwa yameshafika alama nyekundu, na Waziri alifurahi mno. Alisema Mungu ni mwema, ameleta sharti lenyewe, sasa wageni wataona mashine ikifanya kazi kweli. Mkuu akabonyeza kitufe.

"KAMA MAJI YAMEFIKA ALAMA NYEKUNDU," ilisema mashine kwa sauti tamu ya msomaji wa habari, "MTUKUFU MKUU WA NCHI, SHIKAMOO."

Mkuu akaitikia kwa kichwa. Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Ikafuata Mama Mkuu, na Mama Mkuu Mdogo, na mawaziri wenye wizara, na mawaziri wanaosubiri wizara, na majenerali, kila mmoja kwa jina, nishani na vyuo alivyopitia au kupita karibu. Aliyetajwa alisimama, akapunga mkono, akaketi. Mvua ikaanza tena. Miavuli ilifunguliwa kwa mpangilio wa vyeo.

Maji ya kwanza yalipovuka ukuta yalikuja kidogo kidogo, yakapita chini ya viti na kulowesha viatu. Siwema alikimbia hadi meza kuu.

"Mheshimiwa, maji yanapita juu ya ukuta."

"Salamu zimefika wapi?" aliuliza Waziri.

"Kwa mabalozi wastaafu."

"Basi bado wakuu wa mikoa na wilaya tu. Haraka haraka haina baraka, Mhandisi."

"Maji hayajasoma methali, Mheshimiwa! Nipe ruhusa nizikate salamu."

"Umkate nani?" Waziri aliinama, akamnong'oneza, na mimi nilikuwa nyuma yake. "Nitajie jina la utakayemkata. Wote wako hapa wanakutazama."

Siwema aligeuka. Alipaza sauti ambayo sikujua kama anayo. "Waheshimiwa! Ambaye bado hajatajwa, je, atakubali aachwe ili tufungue milango? Kuna watu huko chini!"

Wakuu wa mikoa waliangalia viatu vyao, ambavyo vilikuwa havionekani tena. Mmoja alikohoa. Mwingine alisema kwa upole kwamba yeye binafsi hana shida, lakini ingekuwa dharau kwa wananchi wa mkoa wake, na wananchi wa mkoa wake ndio hao hao waliokuwa chini.

Nilimchukia yule mtu. Nasema wazi, ingawa nilimpigia makofi.

Mashine ilikuwa imefika kwa wakuu wa wilaya, herufi za mwisho mwisho, wakati gari lililokuwa limekwama njiani kwenye tope lilipofika getini. Alishuka Naibu Mshauri wa Mkuu katika Mambo Ambayo Hayajatokea, suruali imekunjwa, kitambulisho mkononi. Kikagusishwa kwenye mtambo wa getini. Mashine ikakatisha jina la mkuu wa wilaya katikati.

"AMEINGIA KIONGOZI. TUNAANZA UPYA. KAMA MAJI YAMEFIKA ALAMA NYEKUNDU, MTUKUFU MKUU WA NCHI, SHIKAMOO."

Mkuu, maji yakiwa magotini, akaitikia kwa kichwa.

Ni hapo nilipoisikia, kwa mbali, kutoka bondeni, katikati ya mvua: adhana ya adhuhuri. Siwema aliisikia pia. Alifumba macho, na midomo yake ikatikisika, sijui kama aliomba au alihesabu watu. Muda mfupi baadaye nilitazama upande wa Kilima cha Fisi. Njia yote ya kilimani ilikuwa imejaa watu. Walipanda na mbuzi, na magodoro, na vikongwe mgongoni. Mbele ya mfereji kulikuwa na vurugu kidogo, nadhani ni wabishi wakiburutwa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini wahenga hawakumjua mkandarasi wetu, ambaye alikuwa amepaka ufa rangi. Ukuta ulilia kama mlango wa zamani. Meza kuu ilipoondoka, iliondoka bila kufuata itifaki hata kidogo. Naibu alimpita Waziri, mabalozi waliwapita majenerali, na Mkuu alibebwa kichwa chini miguu juu na watu ambao baadaye kila mmoja alidai ndiye aliyeshika upande wa kichwa. Wote walinusurika. Waziri aliopolewa juu ya mkuyu, akauliza kama wapiga picha walimpata vizuri.

Bonde la Kitope lilichukuliwa lote. Mpunga, nyumba, shule, na msikiti uliotoa ile adhana, vyote vilikwenda. Lakini hakufa mtu, hata wa ng'ambo ya mfereji.

Chumba cha mitambo kilikuwa juu kwenye mwamba, hakikuguswa. Tukiwa tumelowa tunatetemeka, tuliendelea kusikia salamu mpaka jioni. Mwishowe mashine ilimaliza, ikasema kwa sauti ileile tamu, "BASI, FUNGUA MILANGO." Milango ilikuwa imelala mashambani, mbali sana huko chini. Inasemekana ilifunguka.

*

Tume ya uchunguzi iliongozwa na Mheshimiwa Mkupete mwenyewe, mkono ukiwa umefungwa bandeji. Iligundua kwamba mashine haikuwa na kasoro yoyote. Ilifuata muundo mpya wa sharti neno kwa neno, na Profesa Ndimbwa alipongezwa. Maji ndiyo hayakuzingatia itifaki. Kwa kuwa maji hayakamatiki, tume ikageukia jambo jingine lililoitia wasiwasi mkubwa zaidi: ilikuwaje watu wa bondeni wakanusurika bila maelekezo ya kiongozi yeyote?

Aliitwa Mzee Kachenje. Alikuja na shati la kuazima, lililombana mabegani, maana mashati yake yote yalikwenda na maji.

"Mzee, nani aliwaruhusu kupanda kile kilima?"

"Hakuna aliyetukataza, Mheshimiwa. Wote mlikuwa mnasalimiana."

Kicheko kilitaka kutoka ukumbini, kikarudi kwa woga.

"Unajua kwamba kukusanyika kilimani bila kibali ni kosa? Unajua kwamba mmeipa dunia picha kuwa wananchi wetu wanaweza kuokoka bila serikali?" Waziri aliwageukia askari. "Mwekeni ndani mpaka akumbuke ni nani aliyempa amri."

Walimshika mzee mikono. Shati la kuazima likachanika begani, na yeye, badala ya kujitetea, akaanza kuomba radhi kwa mwenye shati.

"Mwacheni," alisema Siwema. Alikuwa amesimama. "Ni mimi niliyempa. Nilimwambia kama hujanisikia mpaka adhuhuri, basi pandeni. Ndiyo sharti lote, halina kingine."

Waziri alitabasamu. Alikuwa amengojea neno hilo kama mtego unavyongojea ndege.

"Kwa hiyo ulitumia sharti tupu. Ulisema kama, ukasema basi. Hapo katikati ulimsalimu nani?"

"Nilimsalimu baba yangu," alisema Siwema.

Alihukumiwa kifungo cha misimu miwili ya mpunga kwa kosa la kutumia sharti tupu na kulifanya lifanye kazi. Waziri aliposoma hukumu alivuta pumzi, akanitazama. Niliinua mikono yangu. Ilikutana vizuri tu, lakini haikutoa sauti. Baadaye nilieleza kwa maandishi kwamba ilikuwa unyevunyevu.

*

Misimu miwili ilipita bila mtu kupanda mpunga bondeni, maana udongo mzuri ulikwenda na maji. Viongozi wote waliolowa siku ile walipewa nishani ya Ushujaa wa Mafuriko na cheo cha kuambatana nayo, kwa hiyo orodha ya salamu ikarefuka. Mimi nilihamishiwa gereza kuu, nipige makofi kwa ajili ya lango. Waliniambia ni uhamisho wa kawaida.

Siku ya Siwema kutoka, Mzee Kachenje alifika asubuhi na kanga mpya na kikapu cha maandazi. Siwema aliletwa akiwa na kifurushi chake, akasimama upande wa ndani wa nondo, baba yake upande wa nje. Askari akabonyeza kitufe.

"KAMA MFUNGWA AMEMALIZA KIFUNGO CHAKE," ilisema mashine, na kila mtu alijua amekimaliza, hata mashine yenyewe ilijua, "MTUKUFU MKUU WA NCHI, SHIKAMOO."

Jua lilipanda, likashuka. Mzee hakuelewa.

"Mwanangu, si unalijua lango hili? Si wewe uliyeliandikia?"

"Mimi ndiye, baba."

"Basi liambie. Si umemaliza?"

"Nimemaliza. Linajua. Linasalimia tu."

Walipitishiana maandazi kwenye nondo. Ilipokaribia mwisho wa salamu, redio ya askari ilitangaza kwamba Mkuu, katika kuimarisha utendaji, ameteua washauri wengine. Mashine ikasema imeingia sura mpya, tunaanza upya.

Hiyo ilikuwa siku ya kwanza. Sasa Mzee Kachenje amejenga kibanda mbele ya lango, anapika hapo, na wanakula pamoja, mmoja huku mwingine kule. Mkuu wetu ni mtu mwenye bidii, haipiti siku bila kumwinua mtu. Kuna walioapishwa asubuhi wakatenguliwa mchana, na mashine ikaanza upya kwa wote wawili, aliyeingia na aliyechukua nafasi yake.

Jana tulifika mbali kuliko siku zote. Tulivuka mabalozi, tukavuka mikoa, tukavuka wilaya, tukaingia kwa makatibu tarafa, na wa mwisho alikuwa katibu tarafa mmoja wa kijijini ambaye hata yeye hajui kama yumo. Askari alishaweka mkono kwenye komeo. Siwema alikuwa amejifunga ile kanga mpya, kifurushi kwapani. Mzee alikuwa amesimama wima, mikono mbele, kama mtu anayepokea mtoto. Nami nilimwomba Mungu, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, asiruhusu mtu yeyote apandishwe cheo, hata mimi.

Redio ikapiga ule mlio wake wa tangazo rasmi.

Mashine ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza tena na Mtukufu Mkuu wa Nchi. Askari aliniangalia, kwa kuwa hapo ndipo ninapotakiwa kupiga makofi. Siwema akaweka kifurushi chini, akakikalia, na baba yake akarudi kibandani kuwasha moto.